Besi ya Kusikika kwa Nyayo

Kanisa letu la Elburgon limesimama juu ya vigingi, na sakafu yake ni ya mbao za mtarakwa, zilizopasuliwa zamani wakati mitarakwa ilikuwa bado inapatikana. Chini ya sakafu kuna uwazi ambao paka hupita bila kuinama. Sidhani waliojenga walikuwa na wazo lolote la muziki. Nadhani walikuwa wanakimbia tope. Lakini uwazi ule umelifanya kanisa zima kuwa kama tumbo la gita. Anayepiga besi pale mbele, waumini wote wanaikanyaga besi yake bila kujua.

Mke wangu ndiye aliyejua. Masikio yake yaliondoka polepole, kama ukungu wa msitu wa Mau unavyofunika miti, ukianzia iliyo mbali. Kwanza walikwenda ndege. Halafu simu, halafu sauti za wajukuu, halafu mahubiri. Daktari mmoja wa Nakuru alimpa kifaa cha kuweka sikioni. Kilikuwa kinapiga mluzi. Alikivumilia kwa muda, kisha akakiweka ndani ya kikombe kabatini, akasema afadhali kimya cha Mungu kuliko mluzi wa daktari.

Alikuwa ameimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu tulipooana. Aliposhindwa kusikia wenzake wanaanzia wapi, aliikunja sare yake mwenyewe, akaipeleka kwa mwalimu wa kwaya, akaenda kukaa benchi la pili upande wa akina mama. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga besi nikitazama chini kwa sababu sikutaka kuiona nafasi yake kwenye mstari.

Halafu, Jumapili moja ya mvua, niliinua macho nikamwona amevua viatu. Soksi pia. Nyayo zake zilikuwa zimelala juu ya ubao, zimetulia kabisa, na midomo yake ilikuwa inasogea. Nilidhani anaomba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Mzee, nakusikia kwa miguu. Nikikupata wewe, najua wimbo uko wapi."

Tangu siku hiyo alikuwa anaimba sauti ya pili akiwa pale benchini, polepole, akifuata kile kilichokuwa kinampanda kutoka chini. Watu walizoea. Mama aliyekaa karibu naye alikuwa anamshikia viatu.

Kwa hiyo nilipokuwa nikipiga besi, sikuwa napigia kanisa peke yake. Nilikuwa namshika mtu mkono ili asipotee. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo kuliko kazi zote alizonipa, na alinipa nyingi.

Kazi yangu ya mkate ilikuwa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao. Besi nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye ushirika wa wafanyakazi, mchana baada ya uji. Tulikuwa na spika ndogo iliyotumia betri ya lori. Betri ikichoka, sauti inakuwa kama ya mbu, kwa hiyo tulifundishwa kuuvuta uzi kwa nguvu zote. Aliyenifundisha alikuwa akisema, vuta mpaka uzi ukuogope. Basi nikavuta. Vidole vyangu wakati ule vilikuwa na sugu za tupa na msumeno, havikusikia chochote. Umeme ulipofika kanisani na spika kubwa ikanunuliwa, niliendelea kuvuta vilevile. Hakuna aliyeniambia niache, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Gita la kanisa lilikuwa na nyuzi ambazo hakuna aliyekumbuka zilitiwa lini. Zilikuwa nyeusi. Jasho, vumbi la mbao na miaka vilikuwa vimejaza kila mfuo, zikawa laini kama mpini wa shoka la babu. Sauti yake ilikuwa nene na fupi, haina mng'ao wowote. Ilikuwa inatua sakafuni kama gunia la viazi likishushwa na mtu mwenye adabu.

Jumapili ya mavuno, vijana wa kwaya waliniita mbele. Nilidhani ni blanketi, maana wazee huwa tunapewa blanketi. Walinipa kijipaketi kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Mwalimu wa kwaya, binti mmoja anayefundisha shule ya msingi hapa mjini, ndiye aliyezungumza. "Mzee, umetuvumilia na kelele zetu. Sisi tumeona nyuzi zako zimezeeka kuliko wewe. Tumekuletea mpya." Kanisa likanipigia makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja. Nilipokuwa nakunywa chai nje, mpigaji wetu wa solo, kijana anayeendesha lori la mbao, alizikata zile za zamani kwa koleo na kutia mpya, ili niingie nikute kazi imekwisha.

Nilishukuru, na nilimaanisha. Mpaka leo nashukuru. Kupewa kitu na watoto ambao uliwabeba wakati wa ubatizo wao si jambo dogo.

Nyuzi zile ziling'aa kama mabati mapya. Kwa asiyejua, uzi wa besi si waya mmoja. Kuna waya wa katikati, na juu yake umezungushwa waya mwingine mviringo, mizunguko iliyokaribiana kabisa, ukiacha mifuo midogo. Mifuo hiyo ndiyo inayoufanya uzi mpya ulie kama kengele. Na mifuo hiyo hiyo, kwa kidole, ni tupa. Mimi ninaijua tupa. Nimeishi nayo.

"Sasa tunakusikia, mzee," dereva wa lori alisema, akifurahi kabisa. "Zamani ulikuwa kama mtu anayehamisha makochi kwa jirani."

Kweli walinisikia. Kila nikitelezesha mkono, uzi ulipiga yowe kidogo. Kila noti ilikuwa na chuma mdomoni. Na mimi niliendelea kuvuta kama nilivyofundishwa, kwa vidole ambavyo havikuwa tena vya kiwandani. Ngozi ya mtu aliyestaafu ni kama mkate. Na ulikuwa msimu wa baridi, ukungu unashuka kutoka msituni mpaka adhuhuri, na ngozi inapasuka hata kwa kushika kikombe. Baada ya mazoezi machache, kidole cha shahada kikafunguka, halafu cha kati kikafuata. Nilikuwa naona doa jekundu juu ya uzi, nalifuta kwa leso kabla mtu hajaliona.

Nikaanza kupiga kwa kuogopa. Niligusa uzi na kuondoka upesi. Sauti iliyotoka ilikuwa kali juu na tupu chini, na inayotembea kwenye mbao si ile ya juu.

Jumapili moja ya wakati huo tulikuwa tunashuka kwenda nyumbani, amenishika mkono kwa sababu ya utelezi. Kwaya ilikuwa imeimba mpaka mchungaji akatazama saa. Mke wangu aliniuliza, "Leo kwaya ilikuwa wapi? Mbona hawakuimba?"

Angeweza kuona midomo yangu, lakini nilitazama barabara.

Wenzangu walijaribu kunisaidia. Mwalimu wa kwaya alinikatia piki kutoka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa ya mala, kipande kidogo cha plastiki cha kukwangulia nyuzi ili vidole vipumzike. Nilipiga nacho Jumapili nzima. Vidole havikuuma hata kidogo. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba chini ya kanisa kuna kuku anayedonoa, na mtu amtoe. Nilijaribu plasta za duka la dawa. Moja iliachia katikati ya wimbo wa toba, ikabaki imeganda kwenye uzi mnene ikining'inia kama sikio. Watoto wa shule ya Jumapili walicheka, na haki ilikuwa yao.

Hatimaye dereva wa lori alinifuata nje. Alivua kofia kwanza.

"Mzee, usinielewe vibaya. Pumzika mpaka baridi iishe. Besi nitaishika mimi."

"Na solo?"

"Solo hata isipokuwepo Mungu atatusikia."

Alikuwa anasema kwa upendo, na anapiga vizuri. Lakini anapiga noti nyingi, za juu, zinakimbizana kama watoto wametoka shule. Nilijua nyayo za mke wangu hazitampata. Nilimwambia anipe muda niombe.

Niliomba kweli. Sikuomba vidole vipone. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba vidole ni vya kuazimwa. Nilimwambia Bwana kwamba yule mama hana mlango mwingine wa kuingilia, na kama huu utafungwa, basi amfungulie mwingine, na nitashukuru hata kama si mimi ninayeushika. Halafu nikangoja. Sikusikia kitu. Nje kulikuwa na ukungu, na mahali fulani ndani yake lori lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, likiunguruma kwa sauti ya chini ambayo ilikaa muda mrefu hata baada ya lori kwenda.

Nilikwenda Nakuru nikalala kwa binti yetu, mtaa wa Section 58, na asubuhi akanielekeza duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa kijana mwenye nywele za kusokotwa.

"Niaje, mzee. Unatafutia mjukuu gita?"

"Ni langu. Natafuta nyuzi ambazo hazikwangui."

Alinitazama tena, safari hii vizuri, akavuta kiti nikakaa. Alitazama vidole vyangu akasema pole. Aliniambia kuna nyuzi ambazo waya wake wa juu ni bapa, umelala kama utepe, na ukipitisha kidole ni kama unapapasa kisu upande wa ubapa. Kuna nyingine zimevishwa nailoni nyeusi. Nilifumba macho nikawa namsikiliza tu. Ilikuwa kama mtu anayekueleza habari za nchi ambayo ungependa kuifikia.

"Lete hizo," nikasema.

"Sina, boss. Watu hapa wanataka ilie. Hizo laini ni za wazee wa zamani."

"Na mimi ni nani?"

Alicheka mpaka akafunika mdomo. "Haki sijasema hivyo. Acha namba, nikiagiza zikifika nitakupigia."

Bado nangoja simu yake, na simlaumu. Nchi ile ni mbali.

Jumapili iliyofuata niliamka kabla ya mke wangu, nikaenda kukamua. Tuna ng'ombe mmoja, mpole, lakini baridi ilikuwa imempasua chuchu, na ng'ombe aliyepasuka chuchu hakamuliki bila jeli ya kukamulia, ile ya kopo, nzito na ya manjano. Nikampaka kwa wingi. Nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, ukungu ukiingia kwa mlango na joto lake likinipanda mashavuni, nilikuwa kama mtu aliyelala. Maziwa yaligonga ndoo, kisha yakagonga maziwa, sauti ikawa nene. Vidole vyangu havikuuma. Jeli ilikuwa imeingia kwenye mipasuko yangu kama ilivyoingia kwenye yake.

Nilipomaliza nilipaswa kunawa kwa maji ya moto na sabuni, kama kila siku. Niliifuta mikono kwa gunia tu. Nilitaka raha ile ikae kidogo. Hata nikachota nyingine kidogo nikapaka kwenye ncha za vidole, nikavaa koti, tukaenda kanisani.

Mpigaji yeyote wa gita atakwambia kwamba adui wa nyuzi mpya ni mafuta. Watu wa mjini hunawa mikono kabla ya kupiga. Mimi nilikwenda kwenye nyuzi mpya na jeli ya ng'ombe.

Noti ya kwanza niliivuta kama kawaida, na kidole kikateleza, kikapiga hewa. Ya pili pia. Mwalimu wa kwaya aligeuka akanitazama. Wimbo ulikuwa umeanza na mimi sikuwa ndani yake. Sasa, mtu anayekamua anajua kwamba chuchu haivutwi. Ukivuta, ng'ombe anakupiga teke. Unaishika, unaibana kwa utaratibu, unaiachia. Mkono wangu, ambao ulikuwa bado uko zizini, ulifanya hivyo wenyewe. Uliondoka kule nyuma ambako uzi ni mgumu, ukasogea mbele karibu na shingo ya gita, mahali uzi unapolegea, na vidole vikaanza kuulaza badala ya kuuvuta.

Sauti ikatoka ndogo, lakini mviringo. Nikanyoosha mkono wa kushoto pale ambapo wimbo una pumziko, nikaifungulia spika zaidi ya mahali ilipokuwa siku zote. Nikarudi. Ikaja. Ilikuja kutoka chini, polepole, bila chuma na bila yowe, ikajaza ule uwazi chini yetu, na nikaihisi kwenye visigino vyangu mwenyewe. Dirisha moja lililolegea likaanza kutetemeka kwa adabu.

Dereva wa lori aliinama kwenye sikio langu huku akipiga. "Mzee, spika imekufa?"

"Haijafa. Imeshiba."

Sikuthubutu kutazama benchi la pili. Nilitazama gita, nikabana na kuachia, nikabana na kuachia, na kwa muda sikujua kama niko kanisani au nimeegemea ubavu ule wa joto. Ubeti wa pili ulipoanza nilisikia sauti ya pili ikiingia kutoka kwenye mabenchi, nzito kidogo, ya mwanamke mzee, mahali penyewe hasa. Haikuingia baada ya kwaya kama mtu anayefuata njia kwa kupapasa. Iliingia pamoja nao. Akina mama wa kwaya waligeuza vichwa. Mmoja wao, ambaye alikuwa amesimama karibu naye miaka mingi, alifunga kitabu cha nyimbo akaimba akimtazama yeye.

Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya alikuja kulichukua gita kulifunika. Aliligusa, akanusa vidole vyake.

"Mzee, hii ni nini kwenye nyuzi?"

"Ni jeli ya kukamulia."

"Ya ng'ombe?"

"Sina mbuzi."

Walicheka wote waliokuwa pale, na kuna aliyesema kwamba sasa kanisa letu lina besi ya maziwa freshi. Dereva wa lori alicheka kidogo tu. Alipitisha kidole kwenye uzi ambao ulikuwa umekwishaanza kukamata vumbi. "Mzee, tulizitafuta zilie. Umezinyamazisha." Nilimwona ameumia, na alikuwa na haki ya kuumia; ilikuwa zawadi. Nilimwambia pole. Mwalimu wa kwaya naye alikuwa tayari amemwagia kitambaa spiriti kidogo, kwa sababu ni mtu msafi na hapendi kitu kiharibike. Aliushika uzi mnene upande wa juu ili aanze kufuta.

Nilimpisha. Lilikuwa gita la kanisa.

Mke wangu alikuja kupitia katikati ya mabenchi, miguu mitupu, viatu mkononi. Hakuwa amesikia kicheko wala mazungumzo. Aliona watu wamezunguka gita akadhani tunasalimiana. Alisema kwa sauti yake kubwa iliyofika mpaka mlangoni, "Leo kwaya imerudi. Mlikuwa mmesafiri?"

Mwalimu wa kwaya alimtazama, akatazama nyayo zake. Nadhani alikuwa hajawahi kuziona vizuri, maana yeye husimama ameligeuzia mgongo benchi lile. Alikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni. Dereva wa lori ndiye aliyelivalisha gita shuka lake, na alilifunga kwa uangalifu ili jeli isitoke.

"Karibu mazoezi Jumamosi, mama," mwalimu alisema, akitamka kwa midomo mikubwa. "Ukae hapa mbele na sisi."

"Na sare yangu?"

"Iko. Hatukuigawa."

Tulishuka nyumbani na ukungu ulikuwa umeanza kupanda, unaacha miti mmoja baada ya mwingine. Aliamua kutovaa viatu mpaka tufike barabara kubwa. Nilikuwa nimejaa shukrani. Nilikuwa nasubiri aniambie ilikuwa nzuri, nakiri. Alinivuta mkono, akasimama.

"Ule wimbo wa mwisho," alisema, "ulikuwa unakimbia. Beti mbili nzima. Mimi niko hapa, wewe umeshafika kule. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nilimgeukia ili aione midomo yangu, nikamwambia nimekosa, nitakwenda polepole. Akasema sawa. Mbele kidogo akaanza kuuimba tena, kwa mwendo anaoutaka yeye, akiukanyagia kwenye udongo ili nijifunze.